Shuka ya Dahalia

Shuka ilikuwa ya Kazija.
Nyeupe, ya kitanda cha chini, dahalia ya wasichana,
yenye kiraka cha kanga karibu na pindo.
Tuliipigilia misumari ukutani, ukumbi wa skuli yetu, Wete,
Ijumaa baada ya isha,
na Mwalimu Mbarouk akasema filamu ni dakika hamsini na tano,
hakuna kupiga mbinja,
na kokwa za ubuyu zisitemwe sakafuni.

Projekta tuliazima. Mimi ndiye niliyeishikilia,
kwa sababu meza ina mguu mfupi.

Filamu haikuwa na Kiswahili.
Basi Shaame, mwenye lugha, alikaa ubavuni na kipaza sauti
akitufasiria, sentensi moja nyuma ya midomo yao:
"Huyu mama anasema, nilikuwa na miaka saba.
Anasema, bwawa la kuogelea lilikuwa la mji mzima.
Anasema, nilipotia mguu
walimwaga maji yote, wakasugua vigae."

Ukumbi ukanyamaa. Hata Faki
akabaki na kokwa shavuni.

Nyuso zilipita juu ya kiraka.
Hakimu alipita, shavu lake likaota ua jekundu la kanga.
Yule mama naye akapita:
ua lilelile, shavu lilelile.

Kisha likaja neno.
Fupi. Wao hulisema kama watu wanaokata uzi kwa meno.
Shaame akasema, "Rangi."
Akajirudi, "Kabila."
Akasema, "Asili... hapana, ngojeni..."
na picha ikenda zake bila ya yeye,
maelfu barabarani wanafungua midomo
nasi tunasikia feni ya projekta
na pumzi za Shaame kwenye kipaza.

"Kwetu hilo hatuna!" Asaa huyo, safu ya mbele,
kwa furaha ya aliyeokota noti.
"Sote Waislamu, sote Wapemba. Ndiyo maana neno hulipati."
Makofi.
Mimi nilijipiga pajani, mkono mmoja,
wa pili u mezani.

Kazija akasimama upande wa wasichana.
Kazija, ambaye akiitwa jina asubuhi
hunyanyua kidole tu.

"N'na swali," alisema.
"Kaka yangu alipeleka posa mwaka juzi.
Jibu lilikuja kwa adabu. Sinia letu lilirudi na halua juu.
Walisema kijana ana dini. Walisema ana kazi.
Walisema, lakini.
Wakaishia hapo.
Bibi akaelewa. Mama akaelewa.
Kaka akenda kunyoa nywele.
Shaame, wewe una lugha.
Hiyo 'lakini', wenzetu wale wanaiitaje?"

Hakumtazama Shaame aliposema hivyo.
Hakumtazama Asaa.
Alitazama kwenye taa ya projekta, na nyuma ya taa nilikuwa mimi.

Sinia hilo nalijua.
Nililibeba mimi, juu ya baiskeli, jua la saa kumi,
dada yangu amejifungia chumbani,
mama amenambia usisimame njiani.
Nilisimama.
Nilichokoa halua pembeni kwa kidole, nikalamba,
nikasawazisha palipobonyea.

Mwalimu Mbarouk alivua miwani akaifuta na kanzu,
akaivaa, akaivua tena.
Kwenye shuka majina yalikuwa yanapanda,
marefu, meupe, hakuna anayeyasoma.
Shaame alizima kipaza. Kilifanya tk.

Wengine walitoka. Sisi tukabaki kung'oa misumari,
kisha kukunja, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili,
na kila mkunjo unakusogeza kwa mwenzako
utake usitake.
Nilikuwa na la kusema. Lilifika mpaka kooni
likageuka "lakini".

"Mmeitoboa," alisema.
"Misumari."
"Najua kama ni misumari."

Akaipachika kwapani, akavuka uwanja kwenda kuitandika.